Mashabiki wa Chapuchapu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walianika nguo kwenye kamba na kununiana na majirani kama wazazi wenu, alikuwepo Kindi. Kindi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mbio za konokono. Kila asubuhi utamkuta uwanjani, kalala kifudifudi, anamtazama bingwa wake Chapuchapu akivuka nyasi.

Mashabiki wa mbio hizo walikuwa wawili dunia nzima, yeye na Kobe. Sheria yao ilikuwa moja: hakuna kelele. Konokono akisikia kelele anajifungia ndani ya gamba, mbio zimekwisha! Kwa hiyo walishangilia kwa kunong'ona.

"Twende, Chapuchapu, twende..." alinong'ona Kindi.

"Lo! Kasi gani hii!" Kobe alihema. "Mwenzio nasikia kizunguzungu."

Wanyama wengine waliwacheka mpaka mbavu zikawauma. Kindi hakujali. Lakini siku moja, gidi! gidi! gidi! akaja Nyati.

"Kesho mtoke hapa! Nataka uwanja wa mieleka. Wanyama wote watakuja kunitazama mimi!"

"Na konokono, Bwana Nyati?"

"Watakanyagwa! Shauri yao!"

Kindi alilia kwelikweli, maana alimpenda Chapuchapu kuliko karanga. Kisha akafuta machozi, akamwambia Kobe:

"Tuuzungushie uwanja miiba, tuache mlango mmoja. Wewe ukae mlangoni. Yeyote akija, mwambie neno moja tu: 'Hutaelewa.'"

Kesho yake Nyati akafika, amejipaka mafuta mwili mzima.

"Hutaelewa," akasema Kobe.

"Sitaelewa nini?"

"Hutaelewa."

"Mimi? Na kichwa chote hiki, nisielewe? Nipishe!"

Kindi akachungulia. "Shikamoo, Bwana Nyati! Karibu. Ila humu watu hulala kifudifudi na kunong'ona. Halafu wenye akili fupi, masikini, huona konokono tu."

Pwaa! Nyati akalala. Akakaa hivyo asubuhi, adhuhuri, mpaka alasiri, nzi wakimtalii puani. Akakodoa macho. Konokono! Akayafikicha, akakodoa tena. Konokono! Jasho likamtoka. Sasa atasemaje?

Nje, Tembo alikuwa amechoka kuisubiri mieleka. "Bwana wee, humo ndani kuna nini?"

Nyati akakohoa. "Mambo mazito. Wewe hutaelewa."

"Nani asiyeelewa?" Tembo akaingia mbiombio. Alipotoka akamwambia Kifaru vilevile, na Kifaru akamwambia Twiga. Haikupita wiki, msitu mzima umelala kifudifudi, unanong'ona.

Na kioja ni kwamba walinogewa! Siku Chapuchapu aliposhinda kwa upana wa vidole viwili, Tembo alilia machozi ya furaha. Nyati naye akaanza kuvaa kifuu cha nazi kichwani, eti gamba. Ukimtajia mieleka, anakuuliza, "Mieleka ndiyo nini?"

Asubuhi moja Kindi alikuja kumtazama bingwa wake. Mbele yake palikuwa na ukuta wa makalio. Akaruka, hakuona. Akachuchumaa, hakuona.

"Jamani, nipisheni kidogo."

Nyati akageuka, kifuu kikimning'inia sikioni. "Shhh! Mgeni wewe? Kaa nyuma. Huku mbele tunakaa sisi tulioanza zamani."

"Lakini mimi ndiye..."

"Shhh!" msitu wote ukamnyamazisha.

Kindi aliumia, tena sana. Lakini kule mbele hakuna konokono aliyekanyagwa, na hilo ndilo alilolitaka. Akajilaza palepale nyuma ya mkia wa Tembo na kunong'ona, "Twende, Chapuchapu, twende..."

Basi wanangu, ukitaka unachokipenda kipendwe na wote, jiandae kukitazama kutoka nyuma ya makalio ya wakubwa.