Hodi ya Ghorofani

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa ua.

Na ndani ya ua?

Mwenyewe.

Na mwenyewe yukoje?

Hatusemi, hatukuchungulia.

Vizuri, mna adabu kuliko wa jana. Sogeeni motoni. Wewe uliyekula maharage, kaa upande ule upepo unakoelekea.

Hapo zamani, zamani za wanyama kujenga, kupika na kusemana, palikuwa na kitongoji kikiitwa Mabondeni. Nyumba zake zote zilikuwa za chini, na kila nyumba ilikuwa na ua wa makuti kwa nyuma. Mbele ya nyumba kila mmoja alikuwa mheshimiwa. Nyuma, uani, kila mmoja alikuwa alivyo.

Nyumba ya katikati ilikuwa ya Bi Kobe. Mjane, mpole, na mwendo wake mnaujua: salamu za asubuhi zilifika kwa watu jioni. Kila alfajiri alifunga mlango wa ua, akaweka kigoda, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyuma. Halafu akavua gamba.

Ndiyo, gamba. Mnashangaa nini? Alilivua, akaliegemeza ukutani kama mtu anavyoegemeza baiskeli, akachota maji kwa kata, akajisugua mgongo kwa dodoki. Mgongo wenyewe ulikuwa mwembamba, laini, umejikunja kama embe lililosahauliwa kapuni. Aliyepata kuuona ni marehemu mumewe peke yake. Siku ya kwanza alipouona alisema, "Kumbe wewe ni mdogo hivi," akaenda kumchotea maji. Bi Kobe hakumtaka mwingine wa kuuona.

Basi siku moja jirani yake, Bwana Jogoo, akasimama kisimani akakung'uta mbawa.

"Majirani, mwaka huu napandisha. Najenga ghorofa. Juu chumba, na chumba kina dirisha."

"Dirisha linatazama wapi?" akauliza Bi Kobe.

"Linatazama kote."

Mgongo wa Bi Kobe ukaanza kuwasha pale pale.

Wa kwanza kwenda kulalamika alikuwa Fisi. Fisi alikuwa amewatangazia watu kwamba ameacha mifupa, tumbo halimwezi, siku hizi ni mchicha tu. Uani kwake mlikuwa na mifupa ya kujengea boma. Angesema hilo? Hakusema.

"Jirani, ghorofa yako itautia mchicha wangu kivuli."

Jogoo akasema, "Kivuli kinahama. Boriti juu ya boriti, udongo juu ya udongo, najenga."

Akaenda Nungunungu. Huyu naye akishaoga, miiba inalala chali, anabaki kama panya aliyelishwa vizuri. Anakaa uani saa nzima akichana. Angesema hilo? Hakusema.

"Jirani, itatuangukia."

Jogoo akasema, "Mafundi wangu ni mchwa. Umewahi kuona kichuguu kikianguka? Boriti juu ya boriti, udongo juu ya udongo, najenga."

Wakarudi wamenuna. "Ana majivuno yule. Sisi sote tunakula chini, yeye anataka kula hewani."

Ukuta ukapanda. Ulipofika juu ya makuti, Bi Kobe akaacha kuoga. Siku zikaenda, jasho likakaa ndani ya gamba. Akienda msibani, mkeka mzima unakuwa wake. Usiku hageuki, mchana hakai. Akajua kwamba dirisha lile likifunguliwa, hatavua gamba tena mpaka azikwe nalo.

Akaondoka yeye, wa tatu. Mfukoni alikuwa na uongo wake, uongo wa moshi wa jikoni, ameuandaa vizuri. Lakini kwa mwendo ule, uongo ukamchachia njiani. Alipofika mlangoni hakuwa na kitu isipokuwa ukweli.

"Hodi."

"Karibu, bi mkubwa. Kaa kitako."

"Sikai. Mwanangu, mimi navua gamba."

Jogoo akabaki mguu mmoja juu. "Unavua?"

"Navua, naoga, navaa. Dirisha lako litaniona, na sitaki kuonwa. Basi."

Jogoo akaushusha mguu.

"Bi Kobe, unakumbuka mafuriko ya masika?"

"Nakumbuka. Mimi nilielea."

"Vifaranga wangu hawakuelea. Mpaka leo mama yao akiita watoto kula, anaita majina yote. Mimi sitaki kumwona mtu akioga. Nataka maji yakija tena, waliobaki wawe juu yake."

Bi Kobe akainamisha kichwa. Wali wa matanga yale aliula yeye mwenyewe, akarudi kwake, asiulize waliobaki wanalala wapi.

"Mbona hukutwambia?"

"Nyinyi mbona hamkuniambia? Mimi nimeletewa habari za mchicha."

Wakatazamana. Halafu Bi Kobe akasema, "Miguu yako haijaingia kwangu hata mara moja bila kupiga hodi. Na macho yako yapige hodi."

"Bi mkubwa, macho hayana mdomo."

"Si yamekaa juu ya mdomo wako? Kuna safari gani hapo?"

Jogoo akacheka mpaka kilemba kikamwanguka usoni. Wakapatana: kabla ya kufungua dirisha atapiga hodi tatu, kama ilivyo adabu, na macho ameyafumba. Asipoitikiwa, dirisha halifunguliwi.

Ghorofa ikaisha. Alfajiri ya kwanza Bi Kobe akavua gamba. Jogoo juu akafumba macho, akasema taratibu, "Hodi." Hakuna aliyesikia. Akaongeza sauti, "Hodi jamani." Fisi peke yake akasikia, mfupa ukamkwama. Mara ya tatu Jogoo akanyoosha shingo yote:

"Hooodi-hodi-hoooo."

Kitongoji kizima kikaruka. Fisi akasukumia mifupa chini ya sufuria. Nungunungu akachana upande mmoja, akasahau wa pili. Na Bi Kobe akaanza kuvaa, kwa mwendo wake ule ule.

Jogoo akangoja. Jua likachomoza, akangoja. Shingo ikamuuma, macho kafumba, akangoja. Mpaka sauti ikatoka uani: "Karibu, mwanangu."

Hapo ndipo akafungua. Akaona paa la Bi Kobe linavuja, akateremka kwenda kumzibia.

Masika yakaja, na maji yakaja nayo. Vifaranga wakapandishwa juu wote, wakavu. Mara chini zikasikika hodi, Fisi na Nungunungu, maji kifuani, na Bi Kobe anaelea nyuma yao. "Karibuni," akasema Jogoo, "ila Fisi acha huo mchicha wako chini, naona una mafuta." Wakakaa juu mpaka maji yalipokauka, na wote, kwa adabu, waliligeuzia dirisha mgongo.

Tangu siku hiyo jogoo huwika alfajiri, la kwanza, la pili, la tatu. Wanaosema anatangaza siku wamedanganywa. Anapiga hodi. Na mkimtazama, akiwika hufumba macho.

Funzo lake ni hili: kuta zako zipande utakavyo, ila mwambie jirani kwa nini; nawe jirani, sema kinachokuuma, usisingizie mchicha. Na jicho lipige hodi kabla halijaingia.

Naona wewe pale unatikisa kichwa, huamini kwamba kobe anavua gamba. Umewahi kumwona bila gamba? Hujamwona. Basi ile hodi inafanya kazi.

Hadithi yangu naishusha ngazi hapa. Anayetaka kuipandisha tena, aanze kwa kubisha.