Hodi ya Tatu

Sogeeni, wanangu, hadithi hii haisimuliwi kwa sauti kubwa.

Mwanakheri alikuwa akizunguka visiwa kwa mashua yake ya tanga, akafika kijiji cha mbali. Ilikuwa adhuhuri. Vyungu vinatokota, watu hawaonekani.

Akapiga hodi mlango wa kwanza aliouona. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya, ila chungu kikaacha kutokota. Lakini alifunzwa kwao kwamba hodi ni tatu. Akapiga ya tatu.

"Karibu, mwanangu."

Sauti ilitoka nyuma yake, baharini. Akageuka. Mashua yake imejaa watu, inaondoka, na bibi kizee ameshika usukani.

"Nasi tulifika hivyo hivyo," akasema bibi. "Chochea moto, umsubiri mwenye hodi mwingine."

Mimi nakomea hapo. Mwanakheri yuko mlangoni hadi leo, ametega sikio.