Kura za Ng'ambo ya Mto

Mheshimiwa Lihepa wa Chama cha Jembe aligombea ubunge akigawa pesa kama njugu, ila watu wa ng'ambo ya mto wote walikuwa na kadi za Chama cha Taa. Akamwita Bi Sikujua, mwuza vitumbua wa huko.

"Nataka watu wako waje jukwaani kwangu, warudishe kadi za Taa."

"Watakuja, baba. Lakini mto una mamba, na nasikia Taa wameanza kupima mahali pa kujenga daraja."

Lihepa hakungoja kutanguliwa. Daraja likajengwa, watu wakavuka wakiimba, wakamwaga kadi za Taa miguuni pake na kuvaa kofia za Jembe. Akacheza mpaka jasho likamtoka.

Siku ya kura hakupata hata moja ya ng'ambo, akashindwa. Akavuka daraja akihema mpaka kwa Bi Sikujua.

"Mmenila, kisha mkarudi Taa?"

"Hatujarudi, baba. Tumempa mgombea wa Jembe, na ameshinda."

"Mgombea wa Jembe si mimi?"

"Wewe ni wa jimbo la kule. Huo mto ndio mpaka."

"Mbona hukuniambia?"

Bi Sikujua akageuza kitumbua. "Huku kila anayevuka anaambiwa, baba. Wewe ndiyo kwanza umevuka leo."