Njuga Shingoni mwa Mtungi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Niilete?
— Ilete na mkia wake!
— Ikiuma?
— Tumeizoea!

Haya. Wewe wa pembeni, hicho kisimu kilaze kifudifudi, hakitatoroka. Nikikuona unakiuliza mwisho wa hadithi yangu, nanyamaza, na usiku huu mtalala na njaa ya masikio.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakichota maji kwa zamu na kugombana kwa zamu, palikuwa na kijiji chini ya mwamba. Kijiji kilikuwa na kisima. Kando ya kisima palikuwa na mtungi mkubwa wa udongo, mpana tumbo, mwembamba shingo. Mwenyewe hakujulikana. Mabibi waliukuta pale, na mabibi wa mabibi waliukuta palepale.

Nanyi mnajua kisimani palivyo. Maji huchotwa kidogo, maneno huchotwa mengi. Pale zilisemwa dawa za kikohozi, pale zilisemwa njia za mkato, nani kaoa, nani kaachwa, mboga gani haitaki chumvi. Maneno yote yalidondokea ndani ya mtungi, na mtungi ukayaweka.

Siku moja Kanga alikuwa akisema peke yake, maana Kanga hajui kukaa kimya. Alikuwa akilalamika kwamba mwanawe anakohoa na hajui amfanyeje. Mtungi ukajibu. Ukamwambia achemshe tangawizi, ampe ikiwa vuguvugu. Kanga akatimua mbio, ndoo akaiacha. Alipotulia akachemsha tangawizi, na mtoto akapona.

Basi kijiji kizima kikahamia kisimani. Ukiuliza kupanda, mtungi unajibu. Ukiuliza kupika, mtungi unajibu. Ukiuliza kuoa, mtungi unajibu. Haukusema hata mara moja kwamba haujui. Neno "sijui" halikuwamo tumboni mwake, kwa sababu kisimani hakuna aliyewahi kulisema.

Ulikuwa na masikio, ulikuwa na mdomo. Macho haukuwa nayo. Likumbukeni hilo.

Katika kijiji hicho alikuwapo mganga, Bibi Nungunungu. Na palikuwa na desturi. Mgonjwa hasemi shida yake kabla ya salamu tatu, jicho kwa jicho. Umelalaje? Umekula nini? Umepita wapi? Mganga anauliza, mgonjwa anajibu, kisha mgonjwa naye anauliza, mganga anajibu. Wageni walicheka, wakasema watu hawa watakufa wakisalimiana. Lakini Nungunungu alijua kwamba nusu ya dawa hutoka humo.

Mwanzoni aliudharau mtungi. Akasema udongo ni udongo. Halafu akaona mlango wake umeota nyasi, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa kisimani. Akajifunza kuuliza, tena akajifunza vizuri. Na kujifunza si kosa, msinisingizie. Aliwaponya wengi kuliko zamani.

Kosa lilikuja na foleni. Wagonjwa wakawa wengi, jua likawa kali, naye akaanza kupunguza. Kwanza akaacha salamu ya tatu. Halafu akaacha ya pili. Mwishowe hata uso hakuinua. Alikuwa akisema tu, "Taja shida." Unataja, anauinamia mtungi, mtungi unajibu, anakupa jibu, anamwita mwingine. Wanyama walifurahi. Nani hapendi kuwahi nyumbani?

Sasa namleta Fisi. Mlijua atakuja.

Fisi alikaa mbali, akatazama. Aliona kwamba neno la mtungi halibishiwi. Mchana, wanyama walipokuwa mashambani, akaja kisimani, akatia pua kwenye shingo ya mtungi, akasema, "Homa ya mtoto, dawa yake ni upepo wa bonde. Mlazeni bondeni jua likichwea. Mama aondoke, asigeuke nyuma."

Akasema kesho yake. Akasema keshokutwa. Alisema mpaka neno lake likayazidi maneno ya mabibi wote, likaelea juu kama mafuta.

Akaja Mama Sungura. Alikuwa na mtoto mtundu, anapenda kupotea, hata mama yake alimfunga njuga mguuni apate kumsikia alipo. Siku hiyo njuga ilikuwa kimya, mtoto alikuwa na homa. Nungunungu akasema, "Taja shida." Akauinamia mtungi. Mtungi ukasema bonde. Mama Sungura akampeleka mwanawe, akamlaza, akaondoka bila kugeuka. Asubuhi akarudi. Palikuwa na majani yaliyolala, basi.

Wakauuliza mtungi mtoto yuko wapi. Mtungi ukasema homa ikipoa mtoto hutembea. Hilo nalo Fisi alikuwa ameshalitia humo.

Akaja Kanga na kifaranga chake cha mwisho. "Taja shida." Mtungi ukasema bonde. Kanga akaenda, akarudi asubuhi, akakuta majani yamelala. Kwa mara ya kwanza tangu aumbwe, Kanga alikaa kimya.

Mtaniuliza, hawakushtuka? Walishtuka. Lakini mtungi ulishawaponya mara nyingi, na mara nyingi huziba macho. Walisema labda akina mama hawa waligeuka nyuma.

Akaja Paa. Alikuwa amembeba Kidawa, mwanawe wa pekee. Baba wa mtoto alikwenda na kiangazi kilichopita. Paa alikuwa amekimbia njia nzima juani. Kidawa alikuwa wa moto, kichwa kimemlegea begani mwa mama.

"Taja shida," alisema Nungunungu, uso chini.

Paa akasema homa. Nungunungu akauinamia mtungi, mtungi ukasema bonde, Nungunungu akasema bonde. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Paa akageuka kwenda, maana bonde lilikuwa mbali na saa ilikuwa inakaribia.

Hapo Kidawa akafumbua macho. Alikuwa mtoto aliyelelewa. Aliona wanaondoka bila salamu, akaona haya kwa niaba ya mama yake. Akasema kwa kisauti chembamba, "Shikamoo, bibi. Umelalaje?"

Mtoto akikusalimu kwa desturi huwezi kumpa kisogo, hata kama foleni imefika mlimani. Akainua uso. Ilikuwa siku nyingi hajauinua.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimelala salama. Wewe umelalaje?"

"Nililala vizuri. Nimeanza kuumwa asubuhi hii."

Nungunungu akamtazama machoni. Macho ya homa yana ukungu, haya hayakuwa na ukungu. Akamgusa sikio. Lilikuwa limeshapoa kivulini. Joto lile lilikuwa la jua na la mgongo wa mama.

"Umekula nini?"

Kidawa akamtazama mama yake kwanza. Kisha akasema amekula mabungo mabichi, mengi, na mbegu zake.

"Umepita wapi?"

"Kando ya bonde. Niliona njuga ya mtoto wa Sungura kwenye majani. Niliona manyoya ya kifaranga cha Kanga. Halafu kitu kikacheka, nikakimbia."

Miiba yote ya Nungunungu ikasimama. Mama Sungura alikuwa kwenye foleni, na ndoo ikamtoka mkononi.

Nungunungu akaurudia mtungi. Safari hii hakuuliza dawa. Akasema, "Hilo la bonde, uliambiwa na nani? Nirudishie na sauti yake."

Mtungi ulikuwa haujawahi kuulizwa hivyo. Ukatoa sauti nzito, ya puani, yenye mate: homa ya mtoto, dawa yake ni upepo wa bonde. Na mwisho wa maneno ukatoa kicheko. Kila mmoja pale alikijua kicheko hicho. Kanga akaanguka chini. Nyegere akachukua jiwe kwa mikono miwili auvunje mtungi.

Nungunungu akasimama mbele ya mtungi. "Weka jiwe chini. Mtungi haukuua, ulisema ulichotiwa. Aliyewatuma watoto bondeni bila kuwatazama ni mimi. Ukitaka kupiga, nipige mimi."

Nyegere akamtazama Mama Sungura. Mama Sungura alikuwa analia. Akasema, "Mponye huyu kwanza." Nyegere akaweka jiwe chini.

Nungunungu akauuliza mtungi kuhusu mtoto aliyekula mabungo mabichi. Mtungi ukampa dawa tatu za mabibi watatu. Mzizi mchungu, akamtazama Kidawa, akaona tumbo lile lililochafuka litautapika. Maji ya majivu. Akaona koo limeshakauka. Uji wa mtama, bakuli zima. Akaona huyu bakuli zima haliwezi. Akaukoroga uji mwepesi, akautia ukwaju kidogo, jambo ambalo mtungi haukulisema wala bibi yeyote hakulisema. Akampa kijiko. Akamtazama. Akampa kingine. Jua lilizama, na Kidawa hakupelekwa bondeni. Alilala mapajani mwa mganga.

Asubuhi wanyama wote wakaja kisimani, wakafanya kama Fisi alivyowafundisha bila kujua. Kila mmoja aliinama mtungini akasema, "Kidawa alichelewa jana. Leo atalazwa ndani ya tundu la mwamba wa bondeni, jua likichwea." Alisema Paa, alisema Kanga, alisema Nyegere, wakarudia mpaka koo zikawakauka. Kisha wakaenda mashambani.

Mchana Fisi akaja. Alikuwa na njaa ya jana. Akauliza leo kuna mtoto gani wa kulazwa bondeni, mtungi ukamjibu. Fisi akacheka, akaenda zake.

Jua lilipochwea, ndani ya tundu palikuwa giza. Nungunungu alikuwa ameinama, mgongo ameuelekeza mlangoni, miiba ameilaza, shuka ya Paa imemfunika. Alisikia majani yakisogea. Akasikia pumzi. Akasikia Fisi akimeza mate. Aliogopa, nawaambia kweli. Alikuwa mzee, na tundu halikuwa na mlango wa pili.

Zamani Fisi hakula kitu bila kukinusa mara tatu na kukizunguka mara tatu. Lakini Fisi naye alikuwa ameshazoea. Mtungi umesema Kidawa, basi ni Kidawa. Hakunusa. Hakuzunguka. Akatia kichwa chote, akafumbua kinywa, akauma.

Nungunungu akasimamisha miiba.

Mlio aliotoa Fisi ulisikika mpaka kisimani. Alitoka tunduni uso umejaa miiba, akakuta juu ya mwamba Nyegere na wenzake wanamsubiri kwa fimbo. Walimfukuza mpaka ng'ambo ya mto, akaenda akianguka na kuinuka. Hakurudi tena. Na mpaka leo Fisi anazunguka sana kabla hajasogelea kitu, na kicheko chake ukikisikiliza vizuri utasikia kilio ndani yake.

Mngependa niwaambie kwamba mtoto wa Sungura alirudi. Hakurudi. Na kifaranga cha Kanga hakikurudi. Mama Sungura aliiokota njuga bondeni, akaileta kisimani mbele ya watu wote, akaifunga shingoni mwa mtungi.

Mtungi haukuvunjwa. Upo, na wanyama wanauuliza mpaka leo, maana una mengi na mazuri. Lakini shingo yake ni nyembamba. Anayeinama kuuliza lazima aiguse njuga kwa paji la uso, na njuga inalia. Ikilia, anainuka kwanza, anageuka, anamtazama machoni yule aliyekuja naye, anamuuliza amelalaje, amekula nini, amepita wapi. Ndipo anainama tena. Bibi Nungunungu alifanya hivyo mpaka alipokufa, na kila ilipolia macho yake yalijaa maji.

Basi funzo ni hili. Chombo kinachojua mengi usikivunje wala usikiogope; jifunze kukiuliza, na kukiuliza kwa namna mpya. Lakini kinajua yaliyosemwa, hakimjui aliye mbele yako. Huyo mjue wewe. Na ukishapata jibu, lipunguze, liongeze, ulitie ukwaju wako, mpaka limtoshe yeye.

Hadithi yangu imefika ukingoni, mtungi nimeufunika. Aliyekunywa?

— Amekunywa!
— Aliyemwaga?
— Akafute!

Haya. Na wewe wa pembeni, kabla hujakiinua hicho kisimu, mgeukie aliyekaa karibu nawe, umwulize ameshindaje.