Pete Mbili za Mama Pimbi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini? Semeni kwa nguvu, mnadhani nimekuja kuongea na ukuta? Pakawa shamba moja na matumbo mawili!"

Haya. Mama Pimbi alikuwa amechoka. Si uchovu wa jembe, la! Alichoshwa na jirani. Desturi ya bondeni kwao, wakati wa mavuno majirani wawili hutandaza chini pete mbili za kamba, ya huyu na ya yule, zikapandana kidogo. Anachokula mmoja tu hukaa upande wake. Wanachokula wote wawili huwekwa katikati, pale pete zinapopandana. Na cha katikati, mkubwa hutangulia kula.

Mkubwa mwenyewe nani? Kiboko! Halimi, hapalilii, hafukuzi hata ndege mmoja.

"Mihogo unakula?"

"Nakula!" Puu, katikati.

"Mahindi?"

"Nakula!" Puu, katikati.

Akishatangulia, nyam-nyam-nyam, hubaki maganda. Misimu mitatu watoto wa Mama Pimbi walikula maganda. Kitinda mimba wake alibaki mbavu tu.

"Jamani, huyu ana tumbo au ana shimo?" Mama Pimbi alifoka. "Nimechoka! Nimechoka!"

Msimu wa nne akatandaza pete kama kawaida. Akamwita Kanga awe shahidi, maana Kanga akijua jambo, bonde zima limejua. Kisha akaweka jembe katikati.

"La nini hilo?" Kiboko akauliza.

"Ah, jirani, nimekuwa mchoyo mno. Cha katikati si chetu sote? Basi na kazi yake iwe yetu sote. Kila utakachosema unakila, mvua ikinyesha tunakilima. Leo mimi, kesho wewe."

Kiboko akalitazama jembe. Jasho likamtoka hata kabla ya kuligusa.

"Mihogo unakula?"

"Mihogo? Inanivimbisha tumbo." Puu, pete ya Mama Pimbi.

"Mahindi?"

"Yananikwama kooni." Puu, pete ya Mama Pimbi.

"Maboga?"

Loo! Mate yakamdondoka Kiboko, do! do! do! Moyo wa Mama Pimbi ukapiga, maana maboga ndiyo yaliyokuwa mengi, chakula cha watoto mpaka mvua zirudi. Akamsogezea mpini.

"Shika tu, jirani, mkono uzoee."

"Maboga yananitia kwikwi!" Kiboko akaruka nyuma.

"Na majani ya mtoni?"

"Hayo nakula."

"Mimi siyali." Puu, pete ya Kiboko.

Mama Pimbi akaondoa jembe lake, akachungulia katikati. Patupu. Akazivuta pete, moja huku, moja kule, zisigusane hata uzi.

"Kanga, umeona? Hakuna hata kimoja tunachokula wote. Katikati pakiwa patupu, pete hutengana. Kila mtu na chake."

"Ala! Nilikuwa natania!" Kiboko akanguruma.

"Tumesikia! Tumesikia! Maboga kwikwi!" Kanga huyo, purrr, akaruka kulitangazia bonde zima.

Hadithi yangu nimeitua hapo, aliyesinzia shauri yake. Funzo, wanangu: mpende jirani yako, ule naye sahani moja. Mama Pimbi mwenyewe husema hivyo kila siku, mlango ameufunga kwa komeo, mdomo umejaa boga.