Jamvi la Zamda

Kaeni vizuri, na yule anayependa kuamua kabla mtu hajamaliza kusema aufunge mdomo wake kwanza, maana hadithi hii imeshawagombanisha watu wazima wenye akili zao.

Palikuwa na wasichana wanne katika shule moja ya sekondari, mji mdogo wa kusini kwenye mikorosho. Jioni wenzao wakishatoka darasani na kukimbilia nyumbani, wao walibaki kwenye klabu ya sanaa, nyuma ya stoo ya shule, wakitengeneza batiki. Kila mmoja alijaliwa chake. Editha alijaliwa mkono wa kuchora; akikutazama mara moja, keshaibeba sura yako. Rukia alijaliwa utulivu. Ndiye aliyeshika brashi ya nta ya moto na kufunika pale ambapo rangi haitakiwi kuingia, na mjue kwamba nta ikidondoka mahali sipo, kitambaa ndiyo basi tena. Felista alijaliwa jicho la rangi. Wa nne, Zamda, ndiye aliyechemsha kitambaa mwishoni ili nta itoke na picha ionekane.

Kwa nini Zamda apewe kazi ya mwisho? Kwa sababu alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu, tangu utotoni. Mifupa ikimuuma hawezi kuinama wala kubeba ndoo, ila kukaa kwenye kigoda akikoroga sufuria aliweza. Wenzake wakamwachia kazi hiyo iwe yake, na hakuna aliyeigusa hata siku asipokuja shule. Kitambaa kilimngoja mpaka apate nafuu.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, Zamda akafariki.

Sasa twendeni kwa mama yake, Bi. Mwanahawa. Mume alishatangulia, na mtoto alikuwa huyo mmoja. Miaka yote alikuwa akimwambia, "Ngoja unenepe kidogo, mwanangu. Macho yakitakata tutakwenda studio ukapigwe picha nzuri." Macho hayakutakata manjano ya ugonjwa. Picha iliyokuwepo ni ile ndogo ya kuandikishwa shule, Zamda katoka hospitali siku hiyo hiyo, uso umemvimba. Bi. Mwanahawa aliilaza kifudifudi ndani ya kabati.

"Huyo si mwanangu," aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Hayo ni maradhi."

Kilichomtisha kuliko msiba wenyewe ni kwamba uso wa mtoto ulikuwa unamtoka kichwani. Akifumba macho aliiona mikono ya Zamda, aliiona miguu yake myembamba, uso haumjii. Mama mzima, umemzaa mtoto, umemwogesha, umemkesha, halafu uso wake unakukimbia. Alilia kwa hilo kuliko alivyolia siku ya mazishi.

Wasichana watatu wakapata habari. Pale klabuni palikuwa na kitambaa kikubwa kimoja tu, na Mwalimu Nandonde, mlezi wa klabu, alikuwa amekitunza kwa ajili ya maonyesho ya mkoa. Wakaenda kumwomba. Wakamwambia maonyesho hawaendi tena, wanataka kumchora mwenzao wampelekee mama yake. Mwalimu akakitoa.

Editha akaanza. Kumchora Zamda haikuwa kazi ndogo, kwa sababu Zamda akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Aliyaonea aibu meno yake yaliyopandana. Shule nzima ilimjua kwa kile kiganja. Lakini Editha alikaa naye dawati moja, na aliwahi kumchekesha siku ambayo mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la maji ya sabuni, hana cha kujifunika. Akachora, akafuta, akachora tena, mpaka mdomo ule ukacheka mbele yao wakashindwa kuutazama. Bila Editha, kusingekuwa na uso wa kuzungumzia.

Rukia akashika brashi. Alianza na yale meno, ayafunike nta yabaki meupe. Jiko likayumba, nta ikammwagikia mkono wa kushoto uliokuwa umeshikilia kitambaa. Mtu mwingine angeruka. Rukia hakuruka, maana mkono wa kulia ulikuwa juu ya uso wa Zamda na brashi imelowa. Akitikisika tu, tone linaanguka shavuni na kazi yote imekwenda. Akaumaliza mstari wake, akaiweka brashi chini taratibu, ndipo akaenda bombani kulia. Vidole viwili vilipona vimejikunja, na mpaka leo havinyooki. Bila Rukia, uso ungekuwapo, lakini umeharibika.

Ikafika zamu ya macho. Rukia, mkono una bandeji, akataka kuyafunika nayo yabaki meupe kama meno. Felista akamzuia.

"Usifunike. Acha yaingie manjano kwanza."

"Tumchore marehemu na ugonjwa wake, Felista? Huna hata huruma?"

"Tangu tumjue macho yake yalikuwa ya manjano. Tukiyafanya meupe tutakuwa tumechora binti wa watu wengine. Tutampelekea mama yake mgeni."

"Na mama akichukia?"

"Semeni ni mimi."

Walinuniana siku nzima. Felista mwenyewe alikuwa na hofu, kwa sababu maneno ya Bi. Mwanahawa kuhusu ile picha ya kabatini yalikuwa yamemfikia. Hata hivyo akachovya kitambaa katika manjano hafifu, kisha ndipo Rukia akayafunika macho, ikafuata rangi ya udongo na kahawia ya ngozi. Bila Felista, uso ungekuwapo, mzuri na salama, lakini ungekuwa wa mtu mwingine.

Ikabaki kuchemsha. Hapo wote watatu wakakwama. Kitambaa kilikuwa kikavu kama ngozi ya ngoma, kimefunikwa na nta, huoni kitu, na kazi ya kuitoa ilikuwa ya Zamda. Mwalimu akasema atachemsha yeye, wakakataa. Jioni moja wakakibeba mpaka kwa Bi. Mwanahawa.

"Mama, shikamoo. Tumeleta kazi," alisema Editha. "Imebaki sehemu yake, nasi hatuwezi kuishika."

Bi. Mwanahawa akawasha moto. Aliinjika lile sufuria lake la shughuli, akatia sabuni na magadi, akaketi kwenye kigoda akakoroga kama walivyomwelekeza. Nta ikaanza kuelea. Alipokiinua kitambaa kwa mwiko, yakaonekana meno yaliyopandana kwanza, kisha shavu, kisha yale macho. Wasichana wakainamisha vichwa. Yeye akayatazama macho ya manjano mpaka moto ukafifia.

"Ndiye," alisema. "Huyu ndiye. Mimi nilikuwa namngoja mwingine."

Akakaa chini akalia, na safari hii akifumba macho uso ulikuwa unamjia.

Sasa hapa ndipo penye shida yenyewe, basi nisikilizeni. Ukoo wa Bi. Mwanahawa una desturi yao. Msiba ukifika arobaini hutandikwa jamvi uani, na mtu mmoja hukalishwa juu yake na kufunikwa kanga ya marehemu. Kuanzia hapo huitwa kwa jina la marehemu. Anakuwa mtoto wa nyumba ile: ana kitanda chake pale, akiugua analetwa pale, akiolewa posa inapelekwa pale. Akikosekana wa kukalishwa, jua likizama jamvi hukunjwa na kuzikwa, na nafasi ile haifunguliwi tena milele.

Bi. Mwanahawa akasema mbele ya watu kwamba mwanawe hatarithiwa na ndugu asiyejua hata alivyocheka. Atarithiwa na mmoja wa waliomrudishia uso wake.

"Nani kati yao?" aliuliza wifi yake, Bi. Tausi, aliyekuwa msimamizi wa shughuli.

"Wote watatu."

"Wifi, usituchezee. Aliyekufa mmoja, anayekaa ni mmoja. Ukiwaketisha watatu hujamrithisha mtu, umefanya sherehe."

Basi siku ya arobaini wasichana wakaketi mbele ya Bi. Mwanahawa, watatu kwa mstari, jamvi tupu katikati. Bi. Mwanahawa akaichukua kanga akawaendea.

Alimtazama Editha. Huyu mama yake alikufa akimzaa, amelelewa na bibi ambaye sasa hasikii wala haoni vizuri. Tangu siku ya sufuria amekuwa akija kila jioni kusomba maji bila kutumwa. Duniani anayemwita "mama" ni Bi. Mwanahawa peke yake.

Alimtazama Rukia. Huyu wazazi wake wapo, lakini mkono ulioungua ndio uliokuwa unashikilia kitambaa, na hawezi tena kukivuta kitambaa kikakaza. Klabuni hajarudi. Ameuacha mkono wake katika uso wa mwenzake. Pale alipoketi alikuwa ameuficha chini ya gauni, asije akachaguliwa kwa kuonewa huruma.

Alimtazama Felista. Huyu ndiye aliyempenda Zamda kama alivyokuwa, na hilo yeye mama mzazi lilimshinda. Lakini mama yake Felista alikuwa pale pale, kati ya wanawake waliokuja kupika. Asubuhi alikuwa amemvuta Bi. Mwanahawa pembeni akamwambia kwa upole, "Dada, ukimchukua wangu sitakataa, naujua uchungu wako. Ila nifundishe, nikitaka kumwita, nimwite nani?"

Bi. Mwanahawa akasimama kati yao na kanga mikononi. Editha alikuwa anatazama ardhi. Jua lilikuwa limeshagusa mikorosho, na Bi. Tausi ameinama, keshashika ncha ya jamvi.

Haya, mimi nimenyamaza. Ungekuwa wewe, kanga ile ungemfunika nani? Na ukishamwita Zamda huyo mmoja, wale wawili ungewaambia nini wakiinuka kwenda zao nyumbani?