Msamaha wa Mbuzi wa Nyamizi

Tajiri Lugendo alimchinja mbuzi wa jirani yake mjane, Nyamizi, akawakirimu wageni wake. Hakimu akamwambia achague: kifungo, au aungame kwa mjane huyo mpaka asamehewe, karani akiandika. Lugendo akaona huo mteremko.

"Nisamehe, jirani. Nilimla mbuzi wako."

Nyamizi akajifuta machozi. "Siwezi kusamehe lisilotajwa, mzee. Utakaloficha, nitalipeleka kwa hakimu mwenyewe."

Jasho likamtoka Lugendo. Akataja mpaka wa shamba aliousogeza. Akataja mahindi aliyomwibia ghalani. Akataja hata hati ya kiwanja cha marehemu mumewe, aliyoighushi.

"Sina jingine. Nisamehe."

"Mbuzi nimekusamehe," alisema Nyamizi, akamgeukia karani. "Hayo mengine ndiyo kwanza nayasikia. Umeyaandika yote, mwanangu?"